Risiti ya Mpingo

Jumatatu walikuja kutuhesabu,
sisi na miche, ukurasa mmoja.
Karani Chihipu, viatu vyake vyeusi
vikinywa tope la kitalu cha Kitangari,
akaandika: toroli mbili, moja haina gurudumu.
Ndoo za kumwagilia tano, zinazovuja nne.
Vibarua wanane.
Viriba vyenye udongo, elfu kumi na mbili.
Nikamwambia, andika na sugu za mikono yangu,
miaka kumi na tisa nachekecha samadi.
Akacheka. Fomu haina safu hiyo.

Sitaki nidanganye, Serikali haikuwa mama.
Ujira wake ulikuja kama mvua ya Novemba:
tunausikia ukinguruma huko juu Newala,
huku bondeni haushuki.
Pampu ilikufa, tukaandika barua,
barua ikajibiwa kwa barua,
nasi tukashuka mtoni na ndoo, tukapanda na ndoo,
shingo zikizama mabegani.
Kila siku ya kupanda miti, mgeni rasmi
alipanda mche wake katika shimo lilelile
la mgeni rasmi wa mwaka uliopita.
Tuliolichimba tulijua.
Tulipiga makofi.

Lakini mama wa Chihangu akija na beseni kichwani
aliondoka na miche kumi ya bure,
na ikifa mitano, haya, mitano ipo.
Nampunju, bwana miti wetu, alizoea kusema
mche wa bure hauna mwenyewe mpaka utoe kivuli;
hapo wenyewe huchomoza kila kona.

Basi karani akafika tuta la mwisho,
la mpingo.
"Huu unauzika lini?"
Nampunju akavua kofia, akahesabu kwa vidole,
vidole vikaisha, akaazima vyangu.
"Sabini. Ukibahatika."
"Siku?"
"Miaka."
Karani akaitazama kalamu kama imemwishia wino.
Kwenye safu ya thamani akaweka sifuri,
mviringo mzuri, kama shimo la kupandia.

Alhamisi akaja mnunuzi, Bi Tatu Makota wa Masasi,
sauti ya upole na simu mbili.
Si mtu mbaya. Alileta pampu nyekundu,
na saa nne asubuhi maji yakapanda yenyewe.
Nililia, nisiwafiche. Shingo yangu ndiyo iliyolia.
Kisha akasema: mitiki mbele,
mikorosho ya kubebesha ifuate,
mikaratusi kando ya barabara ionekane,
na hii ya miiba isiyokua, itoeni kivulini,
anayeitaka aitake haraka.

Nje ya kivuli, Kitangari, mwezi wa kumi.
Mnalijua jua hilo.

Wachongaji wote niliowahi kuwafahamu
waliishi kwa mti
ambao hakuna aliyekumbuka kuupanda.

Jumamosi nikalipwa. Taslimu, mkononi, siku ileile;
na hilo nalo liandikwe.
Nikazunguka dirishani, upande wa wanunuzi.
"Mche gani, mama?"
"Ule wa sifuri."
Kijana akababaika, hauna bei kwenye mashine.
Tukapatana mia tano.
Mashine ikalia kama panya, ikatoa ulimi mweupe:
MCHE 1. NAMBA 0001. AHSANTE, KARIBU TENA.
Risiti ya kwanza ya kitalu hiki tangu kizaliwe,
na jina langu halimo.

Nimeuchimbia nyuma ya jiko,
maji ya kuoshea mchele ni yake.
Sasa ni Aprili. Risiti niliichomeka kwenye makuti,
maandishi yameshakimbia, imebaki karatasi.
Mche una majani saba.
Ulikuwa na tisa. Mawili anayo mbuzi wa Chilumba,
naye sijui nimdai kwa karatasi gani.